Mzizi Ukishasagwa: Kutoka Ikuti Hadi Sinia la Bi Harusi



Mwezi wa Shaabani tulikwenda Ikuti kumchukua mke wa mpwa wangu. Ikuti iko wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Ukishafika Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, bado una vilima mbele yako, migomba kulia na kushoto, na mvua ambayo haiombi ruhusa. Sisi tuliozoea jua la Unguja baridi ile ilitutia adabu.

Tulibeba sinia la bi harusi kama ilivyo ada yetu: singo, liwa, udi, marashi, doti za kanga, na kopo dogo lenye unga wa kahawia. Kopo lile alilitia somo mwenyewe. Kwenye karatasi iliyobandikwa paliandikwa kustul-hindi, na chini yake maelezo: kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa asali, "kusafisha kizazi", na kijiko kingine uchanganye kwenye singo.

Bibi yake bi harusi alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga. Alipofika kwenye kopo akafungua, akanusa, akauliza, "Hii ni nini?" Tukamwambia ni dawa, ni mzizi, umetajwa katika hadithi. Akauliza tena, "Nani kati yenu ameuona ukiwa mzima?" Tulikuwa wanawake wanne watu wazima pale, na mmoja wetu amefundisha watoto madrasa miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kuuona.

Yule bibi hakutujibu. Alitoka nyuma ya nyumba akarudi na tangawizi aliyoing'oa wakati ule ule, majani yake juu, udongo mweusi chini. Akavunja kidole kimoja akakiweka chini ya pua yangu. "Huu naujua tangu jani lake," akasema.

Kopo lilifungwa, chakula kikaletwa, na mambo ya harusi yakaendelea. Lakini swali lile lilirudi nami Unguja, nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kwa nini mizizi inanukia hata kidogo. Ua linanukia ili nyuki aje. Mzizi hauna nyuki wa kumwita. Uko gizani, umekaa mahali pamoja, na wote wanaotaka kuula wanajua ulipo: funza, kuvu, bakteria. Hauwezi kukimbia, kwa hiyo unajilinda kwa kutengeneza kemikali. Harufu tunayoipenda sisi ni silaha ya mmea, na uchungu au ukali tunaouita dawa ndio huo huo. Hili ukilikumbuka utaelewa kwa nini mzizi mmoja unaweza kuponya kwa kiasi na kudhuru ukizidishwa.

Tangawizi ile ya Ikuti ni mfano mwepesi. (Watu wa elimu ya mimea watakwambia tangawizi si mzizi, ni shina linalotambaa chini ya ardhi. Wana haki yao, ila jikoni haibadilishi kitu.) Ikiwa mbichi, ukali wake unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli. Ukiianika ikakauka, sehemu ya jinjeroli hupoteza maji na kugeuka kitu kingine kikali zaidi, na ndiyo maana tangawizi kavu inachoma kuliko mbichi. Hicho kitu kingine kinaitwa shogaoli. Jina hilo lilitoka Japani mwanzoni mwa karne ya 20, katika kazi ya mwanakemia Hiroshi Nomura, kwa sababu Wajapani tangawizi wanaiita shoga. Nilipolisoma nilicheka peke yangu. Shoga yangu wa kweli naye ni mkali hivyo hivyo akikauka.

Tangawizi tunayo heshima nayo maalumu, kwani Mwenyezi Mungu ameitaja katika Suratul Insaan, aya ya 17, kuwa ni mchanganyiko wa kinywaji cha watu wa Peponi. Lakini tangawizi haina fumbo. Kila mwanamke anaijua kwa sura, na akiuziwa unga wake anaweza kuulinganisha na kitu anachokijua. Kusti ni habari nyingine.

Kusti ni mzizi wa mmea unaoitwa kitaalamu Saussurea costus, wenye maua ya zambarau iliyokolea na majani makubwa. Kwao ni milima ya Himalaya, pande za Kashmir, juu kabisa kwenye baridi. Haukuwahi kuota Uarabuni, wala pwani yetu, wala Rungwe pamoja na baridi yake yote. Tangu zamani ulisafiri kama biashara. Kile kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, ambacho sisi tunakikumbuka kwa sababu kinataja pwani ya Azania na mji wa Rhapta, kinaitaja kusti pia miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa kwenye bandari za kaskazini magharibi ya Bara Hindi. Kwa hiyo Mtume (s.a.w.) alipoitaja Madina, alikuwa akitaja kitu kilichokwisha vuka bahari mara nyingi.

Na hapa dada zangu naomba tutulie kidogo, kwa sababu hadithi za kusti ziko mikononi mwa wanawake.

Ya kwanza ni ya Ummu Qays bint Mihsan (r.a.), imo katika Sahihi mbili. Alikwenda kwa Mtume na mwanawe mdogo aliyekuwa na maradhi ya koo, naye alikuwa amemminya koo kwa kidole kama walivyokuwa wakifanya wanawake wa wakati ule. Mtume akakataza kuwatesa watoto namna hiyo, akaelekeza watumie udi huu wa Kihindi, akasema una tiba saba, mojawapo ikiwa ya maradhi ya ubavu. Kisha akataja namna: kwa koo, unatiwa puani, kwa ubavu, unatiwa upande mmoja wa kinywa. Wanazuoni wameeleza kwamba udi wa Kihindi hapo ndio kusti, si udi huu tunaoufukiza sebuleni.

Ya pili ni ya Ummu Atiyya (r.a.), kuhusu eda. Mwanamke aliyefiwa na mume anajizuia na wanja, manukato na nguo za rangi miezi minne na siku kumi. Lakini anapojitwaharisha na hedhi, ameruhusiwa kipande kidogo cha kusti au azfari, vitu viwili vya kufukizia, aondoe harufu. Kila nikiisoma hii moyo wangu unalainika. Katikati ya huzuni ya mjane, sheria inamkumbuka na haja yake ndogo ya usafi.

Angalieni ilivyo katika zote mbili: ni mzizi unaojulikana, kwa haja iliyotajwa, kwa namna iliyotajwa. Katika hadithi ya wanawake hawa hakuna vijiko viwili kwa siku vya kusafisha kizazi cha msichana mzima asiyeumwa. Sisemi kusti haina faida nyingine. Waganga wa Kiislamu waliandika mengi juu yake. Nasema lile la kopo ni maneno ya muuzaji, tusiliegemeze kwa Mtume.

Waganga hao, tena, hawakuwa watu wa kuamini unga. Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kwamba kusti ni aina mbili, nyeupe inayoitwa ya bahari, na ya Kihindi ambayo ni moto zaidi. Kabla yake, mjini Baghdad katika karne ya 9, Istifan bin Basil alitafsiri kwa Kiarabu kitabu cha mitishamba cha Dioscorides, mganga wa Kigiriki wa karne ya kwanza, na bingwa wa tafsiri Hunayn bin Is-haq akaisahihisha. Ndani ya kitabu hicho mna jambo lililonifanya niweke kikombe cha chai chini. Dioscorides anaonya kwamba kusti inaghushiwa. Anasema wako wanaochanganya mizizi migumu ya mmea mwingine, ambao Waarabu waliuita raasan, na anaeleza jinsi ya kuwakamata: ule wa bandia hauchomi ulimi wala hautoi harufu kali.

Hebu fikirini. Karibu miaka 2000 iliyopita, kabla ya maduka yetu na kabla ya makopo, mtu alikwisha kuandika: chukua mzizi, uonje, uunuse. Bibi wa Ikuti hakumsoma Dioscorides, na swali lake lilikuwa lile lile.

Kwa nini kusti ighushiwe? Kwa sababu ni ghali na ni haba. Zamani watawala wa Kashmir waliifanya biashara ya serikali, na mizigo mikubwa ilikwenda Uchina kwa ajili ya ubani wa mahekalu. Mzizi ukichimbwa, mmea umekufa. Si kama asumini ambayo kesho inachanua tena. Ilichimbwa mpaka ikakaribia kwisha milimani. Mwaka 1975 iliingizwa katika orodha ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini, na mwaka 1985 ikahamishiwa daraja la ulinzi mkali kabisa, daraja walilomo chui na kobe wa baharini. Siku hizi inalimwa India na Uchina, na ya halali inatoka huko mashambani. Mahitaji yakiwa makubwa na kitu chenyewe kikiwa haba, hamuhitaji mimi niwaambie kinachotokea kwenye kinu.

Kusti ya kweli nayo si kitu cha kuchezea. Wanakemia wameikuta na vitu viwili vikubwa, kostunolidi na ndugu yake dehidrokostusi laktoni. Hivi vinafanyiwa utafiti mwingi kwa sababu vina nguvu dhidi ya uvimbe na vijidudu katika maabara. Lakini nguvu hiyo hiyo inagusa ngozi. Kuna ngozi ambayo ikikutana na laktoni hizi inajifunza kuzichukia, na ikishajifunza haisahau: mwasho, wekundu, malengelenge. Mafuta ya mzizi wa kusti yalipendwa sana na watengeneza manukato wa Ulaya, mpaka jumuiya yao ya kimataifa ikayapiga marufuku katika manukato kwa sababu hiyo. Sasa nawaza singo yetu: inapakwa mwili mzima, siku saba mfululizo, kwenye ngozi inayosuguliwa ikawa laini kama ya mtoto. Kisha tunashangaa bi harusi anapotoka vipele siku ya kutazamwa. Kama ni lazima iwemo, basi ijaribiwe kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, wiki mbili kabla, na usubiri siku mbili tatu.

Hayo ya ngozi yanapita. Kuna yasiyopita, na kwa hili lazima niwapeleke mbali, mpaka Brussels, Ubelgiji.

Mwaka 1990 zahanati moja ya kupunguza unene mjini humo ilibadilisha dawa zake ikaongeza unga wa mizizi ya Kichina. Wateja wengi walikuwa wanawake, wengi wao wazima wa afya, waliotaka tu miili mizuri. Mmoja wa mizizi hiyo ulikusudiwa uwe wa mmea uitwao Stephania tetrandra. Kwa Kichina jina lake, fang ji, linafanana na la mmea mwingine usio na undugu nao, Aristolochia fangchi. Mahali fulani kati ya shamba na kopo, mzizi mmoja ukashika nafasi ya mwingine. Umeshasagwa, nani angejua?

Mwaka 1992 madaktari wa figo wakaanza kuona wanawake chini ya miaka 50, wasio na historia ya maradhi, figo zimekufa kwa haraka isiyo ya kawaida. Mwaka 1993 waliandika juu ya tisa wa kwanza. Idadi ikapita mia moja. Wengi waliishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Na baada ya miaka wakagundua kuwa sumu ile, asidi ya aristoloki, inaacha alama katika chembe za urithi: mwaka 2000 walitoa ripoti ya wagonjwa 39 waliokubali kuondolewa figo zao zilizokufa na mirija yake kama kinga, na 18 kati yao wakakutwa na saratani tayari. Leo mimea ya jamii hiyo imewekwa na Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Msiseme hayo ni ya Wazungu na Wachina. Kusti yetu hii kwa Kichina inaitwa mu xiang, na kwa miaka mingi mzizi wa mmea mwingine wa jamii ya Aristolochia uliuzwa huko kwa jina la qing mu xiang. Majina mawili yanayopishana kwa neno moja tu, mmoja dawa na mwingine sumu ya figo. Mizigo ya viungo inavuka bahari kama ilivyovuka zama za Periplus.

Na kwetu bara pia tuna mzizi wa kutufundisha. Unaitwa mzigi, mti mdogo wa misitu ya miombo wenye maua ya zambarau mazuri kweli. Ukikwaruza ganda la mzizi wake unapata harufu ya dawa ya kuchua misuli, ile ile, kwa sababu kemikali ni ile ile: metili salisilati. Wazungu waliijua kemikali hiyo miaka ya 1840 kutoka kwenye mmea wa Marekani, nayo ni jamaa wa karibu wa aspirini. Wakulima wa Ghana huchanganya unga wa mzizi huo kwenye nafaka kuzuia fukusi, na watafiti walipoupima wakakuta harufu hiyo ndiyo inayowafukuza na kuwaua. Waganga wengi wa Afrika wanautumia kwa maumivu ya kichwa na viungo. Na waganga hao hao wanajua kuwa ukinywewa vibaya unaua. Umeshawahi kutumika kama sumu. Nilimuuliza bibi wa Ikuti kama anaujua. Akasema si wa milima yao, unatoka nchi za joto, lakini ameuona sokoni. Kisha akaongeza, "Huo harufu yake inakwambia mwenyewe usininywe ovyo."

Hapo ndipo nilipomwelewa. Mzizi mzima unajitambulisha. Una ganda, una rangi ukivunjwa, una harufu, una jani juu yake, na mtu aliyeuchimba anaweza kuulizwa. Ukishasagwa unabaki na jina moja tu, lile aliloliandika muuzaji.

Wala sitaki somo wetu alaumiwe. Aliyempa kopo ni mtu aliyemwamini, na aliyempa huyo naye aliamini. Masomo wa zamani, bibi zetu, walisaga liwa wenyewe kwenye jiwe, gogo mkononi, maji ya waridi pembeni. Kamusi za zamani zinaeleza kuwa liwa ilikuwa gogo la mti wa kunukia uliotoka Bukini, yaani Madagaska. Nao walikuwa wakinunua vitu vya ng'ambo wasivyoviona vikiota, ila walivinunua vizima. Kazi ya kusaga ndiyo ilikuwa ukaguzi. Sisi tumeiondoa kwa kuona inachosha.

Niliporudi Unguja nilizunguka maduka manne kutafuta kusti isiyosagwa. Watatu waliniletea unga na kunishangaa. Wa nne, mzee mmoja, alifungua gunia dogo nyuma ya duka akanitolea vipande vigumu vya rangi ya kijivu na kahawia, vimekunjamana kama pembe kavu. Nikavunja kimoja mbele yake. Harufu yake, dada zangu, si ya bi harusi. Mwanzo inakuja kama maua, halafu nyuma yake kuna kitu kama nywele zisizooshwa siku kadhaa, au mbuzi aliyenyeshewa. Mzee akacheka kuona uso wangu, akasema ndiyo yenyewe hiyo. Nikaitia ulimini, chungu, na inachoma.

Nyumbani nilikuwa na kijaluba cha unga uliobaki, kutoka mfuko ule ule uliojazia kopo la Ikuti. Nikakifungua nikakiweka kando ya kipande kile. Unga ulinukia mdalasini, na kidogo karafuu. Nilitia ulimini pia. Haukuchoma.

Sijui ulikuwa nini. Nikampigia simu bi harusi wetu kumwambia asiunywe. Akanijibu, "Shangazi, bibi alishalimwaga kopo siku ile ile mlipolala. Ametutilia tangawizi kwenye mizigo, mbichi, na udongo wake."

Wallahu a'lam.